Juzuu ya Kumi na Saba

Mjukuu wangu aliniletea viatu mwezi uliopita. Viatu vizuri, vya ngozi halisi, na akaniambia, kwa ile sauti vijana wanayotumia wakizungumza na wazee, kwamba nikivivaa miguu haitaniuma tena. Nikafungua boksi, harufu ikanipiga usoni, nikalifunga. Nikamwambia asante. Viatu vimekaa barazani hadi leo vikipigwa na upepo, na kila akipiga simu huniuliza kama vinanitosha, nami humwambia vinanitosha sana.

Sina ugomvi na viatu. Ugomvi wangu ni na hiyo harufu. Wenzangu mliolelewa Majengo na Shauri Moyo siku zile mnaijua: ngozi mbichi ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye chokaa, ikachanganyika na dawa ambazo hakuna aliyetuambia majina yake. Iliingia kwenye unga, kwenye nywele, kwenye mto wa kulalia. Mgeni akija kwetu alianza kuziba pua tangu darajani. Sisi wenyewe tulikuwa tumeizoea, maana binadamu huzoea chochote. Tulichoshindwa kukizoea ni maji.

Kiwanda cha ngozi kilikuwa ng'ambo ya mto, juu kidogo ya pale tulipofulia. Bomba lake lilitokeza ukingoni, na kila asubuhi baada ya king'ora cha kwanza lilitema maji ambayo siku moja yalikuwa meupe, siku nyingine ya kahawia, na siku nyingine ya rangi ya samawati ambayo sisi watoto tuliiona nzuri mno. Maji ya mfereji tulikuwa nayo, lakini yalikuwa ya foleni na yalifungwa mapema. Hayo tuliyanywa na kuyapikia. Kufua, kuogesha watoto, kumwagilia mboga, yote hayo yalikuwa mtoni, tangu kabla kiwanda hakijajengwa.

Baba alikuwa mpishi kwenye gari la moshi. Alikuwa akija nyumbani siku mbili, kisha anaondoka tena. Mama alikuwa amekwenda Mombasa kumuuguza mama yake, na mwezi mmoja alioahidi ukawa mitano. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Tatu, niliyekuwa na miaka minane hivi, mdogo wangu Hamisi wa miaka mitano, na Bibi, mamake baba. Bibi alikuwa mfupi, mweusi, mwenye mwendo wa polepole ambao haukubadilika hata mvua iliponyesha. Mtaa mzima ulimheshimu kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuwahi kusikika akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mtu chakula chake ni kitamu. Ya pili, ndiye aliyetunza sanduku la juzuu.

Kwa wasioijua desturi yetu nieleze. Kurani nzima imegawanywa sehemu thelathini, na kila sehemu ni juzuu. Mtu akifa, au siku ya kumkumbuka ikifika, watu hukaa mkekani, kila msomaji hupewa juzuu yake, wakasoma wote kwa pamoja, na kwa muda mfupi msahafu mzima unakuwa umekhitimishwa. Hiyo ndiyo hitima. Kisha dua, kisha pilau. Mtaa wetu ulikuwa na sanduku moja tu la juzuu thelathini, la mbao nyekundu, na lilikaa juu ya kabati la Bibi. Mtu akija kuliazima, mimi nilijua kuna aliyekufa.

Kazi yangu nyumbani ilikuwa kumchunga Hamisi. Niliifanya vibaya. Siku maji yalipokuja ya samawati, alinililia nimwache aingie, nikamwacha, tena nikamtia vikofi vya maji mgongoni nikicheka. Baada ya siku chache ngozi ya miguu yake ilianza kuchubuka. Vikaja vidonda, vikapanda hadi mapajani na kwapani, kisha homa. Bibi alimpaka mafuta ya nazi, akampeleka zahanati akapewa dawa ya rangi ya zambarau, na Maalim Sudi, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akaja kumsomea. Hamisi hakuwa peke yake mtaani mwenye vidonda, lakini ndiye aliyekuwa hoi zaidi. Sikumwambia mtu kwamba mimi ndiye niliyemruhusu.

Baada ya kumsomea Hamisi, Maalim Sudi aliteremka mtoni na miwani yake, akachota maji kiganjani. Alikaa akiyatazama. Wazee waliomfuata walimwuliza yanafaa kutawadhia au hayafai.

"Maji hupoteza utohara wake yakibadilika rangi, harufu au ladha," alisema. "Rangi imebadilika. Harufu imebadilika. Ladha sitaijaribu."

Basi maji ya mto yakawa hayafai kwa ibada, na hilo likawauma watu kuliko vidonda vyenyewe. Kina mama wa Shauri Moyo waliokuwa Wakristo walikuwa na uchungu wao. Kanisa lao lilibatiza mtoni, wakivaa kanzu nyeupe, na Mama Apiyo, jirani na rafiki mkubwa wa Bibi, alikuja kutuonyesha yake: ilikuwa rangi ya chai ya maziwa tangu kiunoni hadi chini. Wanaume waliandika barua kwa wakubwa wa mji. Jibu likaja kwamba jambo hilo linaangaliwa. Likaangaliwa mpaka mvua zikaja zikaondoka.

Hizo zilikuwa siku za Hali ya Hatari ya wakoloni. Watu wakisimama pamoja barabarani, askari aliwauliza wanangoja nini. Mkutano bila ruhusa ulikuwa kosa, na mgomo ulikuwa njia fupi ya kwenda jela. Ndiyo maana kina mama walikutana uani kwetu wakichambua mchele, kila mmoja na ungo wake, na mimi nikafukuzwa nikamfukuzie Hamisi inzi. Waliyoyazungumza Bibi alinisimulia nilipokuwa mkubwa.

Mmoja alishauri waseme kuna mtoto amekufa kwa maji yale, wakae matanga kando ya bomba, kwani hakuna askari atakayetawanya matanga. Bibi alikataa. Alisema kifo hakisingiziwi, na mtoto wa mtu hatangulizwi kaburini kwa mdomo. Kisha yeye mwenyewe akasema kwamba marehemu mume wake ana kishamba chake cha nduma, yaani magimbi, ukingoni, mkabala na bomba, na kwamba hajamsomea hitima tangu Hamisi azaliwe. Hakuna sheria inayomkataza mjane kumsomea mumewe kwenye shamba lake.

Baba Apiyo, mumewe Mama Apiyo, alikuwepo. Alifanya kazi kiwandani, kwenye mapipa makubwa ya kuzungushia ngozi, na mikono yake ilikuwa ya manjano hadi viwikoni.

"Mama, sisi hatuwezi goma," alisema. "Saa hii ukigoma unashikwa, na jioni bibi yako na watoto wako nje na vyombo."

"Sijasema mgome, baba. Nimesema mje kula pilau saa yenu ya chakula. Ila desturi yetu mnaijua. Mtu haondoki kwenye hitima kabla ya dua, na chungu hakifunuliwi kabla ya dua."

Maalim Sudi, aliyekuwa amealikwa pia, akaongeza kwamba Kurani haisomwi mbio. Walitarajia kusoma polepole na kuchelewesha kazi kwa saa moja hivi, labda moja na nusu, meneja ajue kwamba watu wapo. Hawakutarajia zaidi ya hapo.

Sasa nieleze nilichokiona mimi. Niliona mchele ukichambuliwa mwingi kuliko tunaoula mwezi mzima. Niliona sufuria kubwa ya shughuli ikiviringishwa hadi uani kwetu. Mikeka ikaletwa, chetezo cha ubani kikafutwa vumbi, na jioni ya Jumanne Bibi alipanda kigoda akateremsha sanduku la juzuu kutoka juu ya kabati.

Kwetu kila jambo lilikuwa na vyombo vyake. Nilishaona jirani alipokaribia kujifungua: kanga zilikunjwa na pilipili manga ya uji wa mzazi ikatwangwa siku nyingi kabla ya mtoto kuja. Wakubwa walijua. Kama walijua mtoto atakuja, kwa nini wasijue mtu ataondoka? Na mtaani mgonjwa wa kuondoka alikuwa mmoja, amelala kitandani kwetu miguu imepakwa zambarau. Maalim alishamsomea, Bibi akawa na haraka ya kukusanya vyombo, na nilisikia kila mtu akisema Alhamisi, Alhamisi. Nikajua wamekubaliana kwamba Hamisi atakufa Alhamisi.

Kuuliza si ujinga, tuliambiwa. Lakini yako maswali ambayo mtoto hayaulizi kwa sababu anaogopa kujibiwa. Nilimtazama Bibi akichambua mchele, ametulia tuli, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimchukia.

Maalim alitufundisha kwamba hitima haitimii mpaka juzuu zote thelathini zimesomwa. Nikafikiri: zikiwa ishirini na tisa, hitima haipo, na hitima ikiwa haipo, hakuna kifo. Jumatano asubuhi Bibi alipokwenda kununua viazi, nilitawadha, kwa maji ya mfereji, maana kugusa juzuu bila udhu ni dhambi na sikutaka dhambi mbili kwa siku moja. Nikafungua sanduku. Ya thelathini sikuichukua, kwani hiyo hata sisi watoto tuliijua kwa moyo. Ya kwanza ingeonekana haraka. Nikachomoa ya kumi na saba, nikaifunga kwenye mtandio wangu wa Idi, nikapanda kitanda, nikaisukuma juu ya ukuta, pale unapoishia chini ya mabati. Kitu kitakatifu hakiwekwi chini. Hilo nalo nililikumbuka.

Alhamisi tulikwenda mtoni wote. Hamisi alibebwa na Mama Apiyo, akawekwa kwenye mkeka karibu na moto, amevikwa kanzu yake. Nilikaa naye nikamshika mkono. Kila baada ya muda nilimfinya kidogo, akafoka, nikatulia.

Watu walikuwa wengi. Mikeka ilitandikwa kwenye njia ya juu ya nduma za Babu, mahali pakavu pasafi, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Nyuma yao walikaa watu wa kanisa la Mama Apiyo na kanzu zao za rangi ya chai. Ubani ulifukizwa kwa wingi lakini haukufua dafu mbele ya lile bomba, lililokuwa hatua chache tu kutoka kwetu likiendelea kutema. Askari wawili walikuja kuangalia. Mmoja alipojua ni hitima alivua viatu akakaa mkekani. Mwenzake alibaki amesimama akiitazama sufuria.

King'ora cha mchana kilipolia, wafanyakazi walivuka daraja la mbao wakaja, Baba Apiyo mbele. Walikaa kimya, wamekunja miguu, wengi wao si Waislamu, lakini kwenye msiba wa jirani kila mtu anajua kukaa. Maalim akafungua sanduku akaanza kugawa. Mzee muuza kahawa, aliyekuwa wa mwisho, alibaki amekunjua viganja vitupu.

Maalim akahesabu upya. Bibi akaja akahesabu.

"Ya kumi na saba haipo," alisema Bibi.

Maalim akawaambia waanze na zilizopo. Ule mvumo wa sauti nyingi ukaanza, kila mtu na ukurasa wake, na mimi nikamkaza Hamisi mkono. Walisoma polepole kama walivyoahidi. King'ora cha kurudi kazini kililia katikati, na niliona migongo ya wafanyakazi ikishtuka, lakini hakuna aliyeinuka. Walipomaliza walimtazama Maalim. Maalim alikuwa akifuta miwani.

"Imebaki moja," alisema. "Hatuwezi kuomba dua."

Bibi alikuwa amesimama karibu na sufuria. Alizungusha macho polepole, juu ya wanawake, juu ya watoto, yakafika kwangu, yakashuka kwenye mkono wangu uliomshika Hamisi. Akaja akachuchumaa.

"Tatu, juzuu iko wapi?"

"Nyumbani. Juu ya ukuta."

"Nani ameiweka?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili Hamisi asife."

Hakucheka. Namshukuru mpaka leo kwamba hakucheka. Alikaa kitako kwenye mkeka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kukiwa na kazi, akanivuta nikaegemea bega lake. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hitima hii ni ya Babu, na Babu alikufa zamani, na Hamisi hatakufa Alhamisi hii. Nikamwambia yote: maji ya samawati, vikofi, kicheko. Nililia mpaka kanga yake ikalowa begani. Alisema mimi ni mtoto, na wanaomwaga dawa mtoni ni watu wazima. Nilitegemea aniambie nikimbie nikalete juzuu. Badala yake alisema, "Kaa hapa. Utakwenda nikikwambia."

Meneja alikuja saa nane imepita. Alikuwa Mzungu mrefu, na kwa kuwa alivaa kofia hata ndani ya ofisi yake, wafanyakazi walimwita Bwana Kofia. Alisimama ukingoni mwa mkeka.

"Nani nakufa hapa?"

"Mume wangu, bwana," alisema Bibi.

Akavua kofia. "Pole, mama. Siku gani?"

"Huu ni mwaka wa nane."

Akairudisha kofia kichwani. Akawageukia wafanyakazi, akamwuliza Baba Apiyo kwa nini watu hawarudi kazini. Baba Apiyo akainuka nusu, akasema hawajagoma, wamealikwa msibani, na dua bado. Sauti yake ilitetemeka. Nilikuwa nimemjua mtu yule maisha yangu yote na sikuwahi kumwona akiogopa, na bado, alipomaliza kusema, alikaa chini tena. Wenzake walikaa vilevile. Meneja alimtazama askari aliyesimama. Askari akasema hakuna mkutano hapa, bwana, ni sala.

"Ngozi yangu iko ndani ya dawa," alisema meneja. "Ikikaa saa mingi naharibika yote."

Bibi akamwinua Hamisi, akampandisha kanzu hadi kiunoni, akamsimamisha mbele yake. Vidonda vilikuwa wazi, na inzi wakaja mara moja.

"Ya huyu pia, bwana."

Sijui meneja alifikiri nini. Nimemwaza mara nyingi yule mtu. Aliangalia miguu ya Hamisi, akaangalia bomba, akaangalia saa yake. Kisha akauliza wanataka nini, na Maalim Sudi akamjibu kwa neno moja, bomba. Akasema atalifikiria. Wafanyakazi hawakujitikisa. Alikwenda hadi darajani, akasimama, akarudi. Nafikiri alikuwa akihesabu ngozi zake.

"Bomba nitaondoa hapa," alisema.

Maalim alimwomba awaambie watu wote, si yeye peke yake. Akawaambia wote. Watu wakasema amina, hata wale wasiojua amina husemwa wapi.

Hapo ndipo Bibi alinigeukia. "Haya, Tatu. Nenda kailete. Usikimbie."

"Yeye kimbia," alisema meneja. "Upesi."

"Ni juzuu, bwana," alisema Bibi. "Haibebwi mbio."

Sikukimbia. Nilitembea mwendo wa Bibi mwenyewe, nikapita nyumba za madebe moja baada ya nyingine, nikatawadha tena, nikapanda kitanda, nikaishusha na mtandio wake. Kurudi nilitembea polepole zaidi, nimeikumbatia kifuani. Mzee wa kahawa aliisoma yote, neno kwa neno, na meneja akasubiri amesimama juani. Dua ilipokwisha watu walikula. Kiwanda kiliunguruma tena jua likiwa limeshapinda upande wa mjini.

Nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo nilipojua kwamba Maalim Sudi alikuwa amehifadhi Kurani nzima. Angeweza kuisoma juzuu ya kumi na saba kwa kichwa, akamaliza kabla meneja hajavaa viatu vyake. Nilipomwendea kumwuliza, amekwisha kuwa mzee wa kuongozwa mkono, alisema siku ile miwani yake ilikuwa chafu.

Meneja alitimiza ahadi. Wiki ya pili walikuja watu na sururu, wakachimba mtaro mrefu kando ya mto, wakalaza mabomba makubwa ya udongo. Yalipita mbele ya nduma za Babu, yakapita pale tulipofulia, yakaendelea. Sisi watoto tuliyakimbilia tukiyahesabu mpaka tukachoka. Siku maji yalipofunguliwa, kina mama walishuka mtoni wakaketi tu, wakitazama maji yakija kutoka juu, yale ya kawaida ya matope, na Mama Apiyo aliyapiga kwa kiganja kama mtu anayempiga mwanawe kwa mapenzi. Bibi aliloweka kanzu ya Hamisi ikatoka nyeupe. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nafuu ya Hamisi ilikuja kidogokidogo. Vidonda vikakauka miguuni kwanza, halafu kwapani, homa ikamwacha, na siku aliponipiga teke tukigombania muwa nilijua amepona.

Mama yetu alikuwa bado Mombasa alipokuja mwanamke mmoja. Ilikuwa asubuhi, Bibi akisonga uji. Alikuwa kijana, miguu peku, mwenye vumbi hadi magotini, mtoto amembeba mgongoni. Alibisha hodi akakaribishwa, akakaa kwenye mkeka, akapewa maji, akayanywa yote. Alisema ametoka chini kabisa ya mto, kupita Eastleigh, na ameulizia nyumba hii tangu alfajiri.

"Wanasema ni nyinyi mlihamisha ile bomba ya ngozi," alisema.

Hakusema kwa ukali. Bibi alimtazama, akaweka mwiko chini. Yule mwanamke akafungua kanga, akamleta mtoto mbele, akamkalisha mapajani. Alikuwa mvulana wa miaka mitano hivi. Miguu yake ilikuwa imechubuka tangu nyayo hadi mapajani, na alikuwa amechoka hata kulia.

"Ndiyo," alisema Bibi. "Ni sisi."

Akainuka. Akaenda ndani akarudi na chupa ya mafuta ya nazi, akapiga magoti mbele ya yule mtoto, akaanza kumpaka, kidole kwa kidole. Alipaka muda mrefu. Kisha, bila kuinua kichwa, akamwuliza yule mwanamke kama kwao kuna mtu mwenye shamba karibu na maji, na kama katika jamaa zao kuna marehemu ambaye hajakumbukwa.

"Sisi si Waislamu, nyanya."

"Waliokuja kula pilau yangu hawakuwa Waislamu," alisema Bibi. "Tatu, mwite Mama Apiyo. Mwambie aje na ungo."

Sikwenda mara moja. Hamisi alikuwa ametoka nje, amesimama karibu nami na miguu yake mizima, akimtazama mwenzake aliyekuwa rika lake. Katika miezi yote ile ya ugonjwa wake nilikuwa nikimwomba Mungu kila siku amwondolee Hamisi vile vidonda. Sikuwahi kumwuliza atavipeleka wapi.